Aangukaye Pasipo Kuumia

Tangu utotoni tumefundishwa kuuogopa uwongo wa ulimi. Mtoto asemaye kwamba alikwenda shuleni, kumbe alishinda mtoni, huadhibiwa nyumbani, na hakuna jirani aonaye ajabu. Lakini uko uwongo mwingine usiotamka neno hata moja. Mtu hujiangusha chini, hushika goti lake, hukunja uso na kujiviringisha majanini. Hajasema kitu, wala hakuna awezaye kuyarudia maneno yake mbele ya baraza, kwa kuwa hayapo. Je, mtu huyo amesema uwongo? Na ikiwa amesema, amemwibia nani?

Swali hili hatukulibuni sisi. Mnamo Aprili 2025 chama kisimamiacho michezo ya vyuo huko Marekani, NCAA, kilipitisha sheria mpya ya mpira wa Kimarekani kwa sababu ya watu waangukao pasipo kuumia. Wakuu wa vyuo, waalimu wa timu na waamuzi walikuwa wamelijadili jambo hilo kwa miaka mingi. Twaona yafaa na sisi tulitazame, maana ingawa mchezo ni wa mbali, uwongo wenyewe hauna nchi yake.

Kwa faida ya wasomaji wetu wasioujua mchezo huo, tueleze kidogo. Mpira wa Kimarekani si huu wetu wa miguu. Mpira wenyewe una umbo kama la yai. Huchukuliwa mikononi au hurushwa, na kila upande huwa na watu 11. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Isipofaulu huwaachia wenzao mpira. Baada ya kila jaribio watu husimama, hupumua, hupanga shauri, kisha huanza tena. Katika pumziko hilo fupi ndipo walinzi hupata nafasi ya kumtoa aliyechoka na kumwingiza mwenye nguvu.

Zamani karibu timu zote zilikusanyika duara moja kila baada ya jaribio ili kupeana shauri. Lakini katika miaka ya karibuni vyuo vingi vimejifunza kushambulia bila kukusanyika. Chuo cha Oregon, chini ya mwalimu Chip Kelly aliyekiongoza kuanzia 2009 hadi 2012, kilijulikana sana kwa mwendo huo. Jaribio moja likiisha, wachezaji wamekwisha kujipanga kwa jaribio jingine. Walinzi, ambao wengine wao ni vijana wenye uzito wa kilo 130 na zaidi, hawapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Wala si rahisi kwao kubadilishana, maana sheria humlazimu mwamuzi kuwangoja walinzi pale tu washambuliaji wenyewe wabadilishapo watu.

Basi, hapo ndipo hila ilipoingia. Mlinzi mmoja hutazama benchi la timu yake, kisha huanguka. Mwamuzi hana budi kusimamisha mchezo, kwani sheria yamwamuru amjali aliyeumia. Madaktari huingia mbio. Wenzake hunywa maji, hupumzika, huelekezwa na mwalimu wao, na wapya huingia. Aliyeanguka hutoka, kwa kuwa sheria yataka akae nje angalau jaribio moja. Na baada ya jaribio hilo mara nyingine huonekana akirudi kiwanjani kwa mbio, hana hata dalili ya kuchechemea.

Haifai tuwanyoshee wengine kidole kabla hatujatazama nyumbani mwetu. Mfano unaokumbukwa kuliko yote katika jambo hili haukutokea katika chuo cha watu wasio na dini, bali katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, na kubeba jina la Mama yetu. Shirika hilo ndilo lililoleta wamisionari Uganda mwaka 1958, wala si geni kwa Wakristo wa Afrika ya Mashariki.

Tarehe 21 Novemba 1953 Notre Dame walicheza na Chuo cha Iowa mbele ya watu wao wenyewe. Iowa walikuwa mbele kwa pointi 7 bila, na nusu ya kwanza ilikuwa yakaribia kwisha. Notre Dame walikuwa karibu na mstari wa kufungia, lakini hawakuwa tena na haki ya kuomba mchezo usimamishwe, na saa ilikuwa yaenda. Ndipo mchezaji wao mmoja wa mstari wa mbele, Frank Varrichione, akaanguka kama mtu aliyeumia. Saa ikasimamishwa zikiwa zimebaki sekunde chache tu. Wakapata jaribio moja zaidi, na katika jaribio hilo wakafunga. Mwisho wa nusu ya pili, Iowa wakiwa mbele tena kwa 14 kwa 7, hila ya namna ile ile ikarudiwa. Notre Dame wakafunga tena, mechi ikaisha sare ya 14 kwa 14.

Waamuzi hawakutoa adhabu, maana hapakuwa na ushahidi. Lakini nchi nzima iliona. Timu hiyo tangu zamani huitwa Waayalandi Wapiganaji. Baada ya siku ile wenye mzaha wakaiita Waayalandi Wazimiao. Grantland Rice, mwandishi mashuhuri wa michezo ambaye mwaka 1924 kalamu yake iliwapatia Notre Dame sifa kubwa, alikuwa miongoni mwa waliolaumu. Na ile sare iliyopatikana kwa njia hiyo haikuwaletea taji walilolitaka. Walimaliza msimu bila kushindwa, lakini katika kura ya waandishi waliwekwa wa pili nyuma ya Maryland.

Liko jambo jingine la msimu ule lisilotajwa sana, nalo kwetu ni zito zaidi. Wiki nne kabla ya mechi hiyo, tarehe 24 Oktoba 1953, Notre Dame walikuwa wakicheza na Georgia Tech. Wakati wa mapumziko mwalimu wao, Frank Leahy, alianguka. Yeye hakujifanya. Maumivu yalikuwa makali, na hali yake ilitisha hata padre akaitwa na kumpa sakramenti za mwisho kama mtu aliye karibu kufa. Mungu akamjalia, akapona, akarudi kazini. Vijana wale wale waliomwona mwalimu wao ameanguka kweli, ambao bila shaka walimwombea, baada ya wiki nne waliona katika timu yao kuanguka kukitumiwa kuwa chombo cha kupatia sekunde. Hatusemi hayo ili kuwahukumu; walikuwa vijana, na shauku ya ushindi hupofusha. Twasema tu kwamba ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kuonyesha ni kitu gani kinachochezewa.

Sasa na tuzitazame hoja za wale waonao kwamba jambo hili si kitu.

Wa kwanza husema: sheria haikatazi, au kama yakataza haina meno. Mwamuzi hawezi kuingia ndani ya goti la mtu aone kama lauma. Ni kweli, mwamuzi hawezi. Lakini maadili ya waalimu na wachezaji yaliyowekwa ndani ya kitabu cha sheria za mchezo huo husema wazi kwamba kujifanya umeumia ni udanganyifu usiomfaa mwanamichezo mwadilifu. Kitu hakiwi halali kwa sababu hakuna awezaye kukithibitisha. Mtu akiiba gizani, giza halimgeuzi kuwa mwenye mali. Mtakatifu Toma wa Akwino, alipoandika juu ya unafiki, alifundisha kwamba uwongo waweza kusemwa kwa matendo kama usemwavyo kwa maneno, na kwamba hakuna tofauti kati ya kudanganya kwa ulimi na kudanganya kwa ishara. Goti lishikwalo kwa uwongo ni sentensi kamili.

Wa pili ana hoja yenye nguvu zaidi. Husema: mchezo wote ni udanganyifu. Yule mrushaji hujifanya ampa mwenzake mpira, kumbe ameuficha nyuma ya paja lake. Walinzi humkimbilia asiye na kitu, na watu hushangilia. Kwa nini basi tumlaumu aangukaye tusimlaumu afichaye?

Hoja hii yataka jibu la kweli. Hata katika mpira wetu wa miguu twapenda chenga, na chenga ni nini kama si kumwonyesha mtu kulia nawe waenda kushoto? Mcheza karata hauonyeshi mkono wake, na mcheza bao hamtangazii mwenzake shauri lake. Lakini watu hao hawadanganyani kwa maana ya dhambi, kwa kuwa wote wawili wamekubaliana tangu mwanzo kwamba humo ndani kila mmoja atafute njia ya kumzidi mwenzake akili. Anayepigwa chenga alikwisha kukubali kupigwa chenga siku aliyovaa jezi. Hakuna aliyemwamini kisha akasalitiwa.

Aangukaye pasipo kuumia hamdanganyi mpinzani ndani ya mchezo. Amdanganya mwamuzi, ambaye si mshindani wake. Amdanganya daktari, ambaye amekuja mbio kwa wema. Amdanganya mama aliyeketi jukwaani, ambaye moyo wake umesimama. Hao hawakukubali kupigwa chenga. Amri ya kusimamisha saa mtu anapoumia si sehemu ya mashindano. Ndiyo mahali mashindano yanapokoma, watu wakakumbuka kwamba aliyelala pale si namba ya jezi bali ni mtoto wa mtu. Chenga hupigwa mpinzani. Huruma haipigwi chenga.

Huenda msomaji wetu mmoja akatukumbusha habari za Daudi, ambaye alijifanya mwenda wazimu mbele ya mfalme wa Gathi. Naam, tumeisoma. Lakini Daudi alikuwa akikimbia upanga. Vijana hawa wanakimbia yadi 10.

Wa tatu husema: kila mtu afanya hivyo, na mimi naliagizwa. Juu ya hoja hii twasikitika zaidi kuliko kukasirika, maana mara nyingi ni kweli. Kijana wa miaka 19, ambaye nafasi yake chuoni na ada yake hutegemea mapenzi ya mwalimu wa timu, akiambiwa aanguke ataanguka. Novemba 2010 Oregon, ambao walikuwa hawajashindwa msimu ule, walicheza na Chuo cha California na kushinda kwa shida 15 kwa 13. Katika mechi hiyo mlinzi mmoja wa California alionekana akianguka kwa namna iliyotia shaka. Baadaye chuo chenyewe kilimsimamisha mwalimu msaidizi kwa mechi moja, baada ya kukiri kwamba ndiye aliyemwagiza mchezaji ajifanye ameumia. Twakipongeza chuo hicho kwa kulisema jambo lile waziwazi. Lakini twauliza: kijana yule alijifunza nini siku ile kutoka kwa mtu aliyewekwa juu yake ili amlee? Bwana wetu ana maneno makali sana juu ya wale wawakwazao wadogo, nasi hatuna ruhusa ya kuyapunguza ukali kwa sababu mahali penyewe ni kiwanja cha michezo.

Kwa hiyo twaona ni haki kwamba mnamo Novemba 2024 mkuu wa umoja wa vyuo vya kusini-mashariki, SEC, alipowaonya waalimu wa timu, alielekeza adhabu kwao wenyewe: faini ya dola 50,000 kwa kosa la kwanza, dola 100,000 kwa la pili, na kusimamishwa kwa la tatu. Aliyetuma ndiye alipe.

Wala hatusemi kwamba walinzi hawana malalamiko ya haki. Huenda ni kweli kwamba mwendo ule wa kasi huwachosha vijana kupita kiasi. Lakini liko jukwaa la kulisemea jambo hilo. Mwaka 2014 lilitolewa pendekezo kwamba washambuliaji wazuiwe kuanza jaribio katika sekunde 10 za kwanza, ili walinzi wapate kubadilishana. Waalimu waliounga mkono walisema ni kwa ajili ya usalama, waliopinga walisema ni kwa ajili ya kuzuia wenye mbio. Wakabishana mbele ya watu, na pendekezo likaondolewa kabla ya kupigiwa kura ya mwisho. Waliolitaka walishindwa, lakini walishindwa kiungwana. Aliyeshindwa kwa hoja hana ruhusa ya kwenda kuipata kwa goti lile alilonyimwa kwa mdomo.

Twarudi sasa kwenye swali letu la mwanzo: mtu huyu amemwibia nani? Wengi hujibu kwamba amewaibia wapinzani wake sekunde na kasi. Ni kweli, lakini hiyo ndiyo hasara ndogo.

Oktoba 2021 timu ya Penn State ilicheza huko Iowa na kushindwa 23 kwa 20. Wachezaji kadhaa wa Penn State walianguka wakati wa mchezo, na watazamaji wakawazomea, wakiamini kwamba walikuwa wakijifanya. Mwalimu wao alikana kabisa. Hatuwezi kuingia ndani ya miili ya watu na kuamua. Lakini jambo moja halina ubishi: mlinzi wao mmoja aliumia goti siku ile hata hakucheza tena msimu wote. Angalieni basi hali ilivyokuwa. Maelfu ya watu, ambao wangalikutana na kijana huyo barabarani ameanguka wangalimwinua, walikuwa tayari kumzomea aliyelala chini. Ni nini kilichoifanya mioyo yao kuwa migumu hivyo? Ni wale wote walioanguka kabla yake pasipo kuumia. Wao ndio waliotumia imani ya watu mpaka ikaisha, na aliyeihitaji kweli akakuta chungu kitupu. Mtoto wa hadithi aliyepiga kelele ya simba kila siku kwa mzaha aliliwa mwenyewe; katika jambo hili la viwanja, apigaye kelele ni mmoja, na aliwaye ni mwingine.

Tena si mioyo ya watazamaji peke yake. Sheria yenyewe imekuwa ngumu. Ile amri ya 2025 yasema hivi: madaktari wakiingia kiwanjani kumwangalia mchezaji baada ya mpira kwisha kuwekwa mahali pake kwa jaribio lifuatalo, timu yake itakatwa nafasi moja ya kusimamisha mchezo, katika zile tatu ambazo kila timu hupewa kwa kila nusu. Ikiwa nafasi zimekwisha, itatozwa yadi 5. Hatuwalaumu waliotunga sheria hiyo. Walikuwa wamekwisha kujaribu kuonya, na tangu 2021 waliweka njia ya kuchunguza picha za mechi baada ya mchezo, wala ugonjwa haukupona. Lakini tuone gharama yake. Sheria haiwezi kumtofautisha mwongo na mkweli, kwa hiyo yawatoza wote wawili. Kuumia, ambako jana kulistahili huruma ya bure, leo kuna bei.

Nasi twaogopa matokeo yake. Kijana aliyegongwa kichwani, ambaye macho yake yaona ukungu na masikio yake yavuma, atajua kwamba akiketi chini wakati usiofaa ataigharimu timu yake. Je, hatashawishika kusimama, akashika kiuno cha mwenzake, akajifanya mzima? Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa hawajaona mwenye afya ajifanyaye mgonjwa mpaka mgonjwa akalazimika kujifanya mwenye afya. Hapo ndipo uwongo wa mmoja unapokwisha safari yake: katika mwili wa mwingine.

Hiyo ndiyo sababu hatuwezi kuliita jambo hili ujanja mdogo wa michezo. Iko akiba ambayo jamii yoyote huishi kwayo, nayo ni desturi ya kumwamini mtu asemaye kwamba anaumwa. Mfanyakazi aombaye ruhusa ya ugonjwa naye ni mzima, mwanafunzi ashikaye tumbo asubuhi ya mtihani, kipa ajilazaye dakika za mwisho kwa sababu timu yake iko mbele kwa goli moja: wote huchota katika akiba hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja wao airudishaye. Siku ile mgonjwa wa kweli atakapogonga mlango, bwana wa kazi atamtazama usoni kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

Basi twawaambia vijana wetu wachezao: mwili wako ukisema neno, na liwe la kweli. Ukichoka, sema umechoka na utolewe. Kuchoka si aibu. Twawaambia waalimu wa timu: msiwatume vijana kununua ushindi kwa fedha isiyo yenu, maana huruma ya watu si mali ya timu. Na kwetu sisi tuketio jukwaani twajiambia jambo lililo gumu zaidi: aangukapo mtu, tunyamaze. Afadhali tudanganywe mara kumi na waongo kuliko kumzomea mmoja aliyeumia. Mwongo atatoa hesabu yake mbele ya Yule asiyehitaji picha za marudio; sisi tutaulizwa tulimfanyia nini yule aliyekuwa amelala chini.